Mbunge wa Hamilton Magharibi

Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani, mbele ya waalimu na wanafunzi wa sasa



Halmashauri ya chama chetu iliponiandikia kuniomba niseme machache, iliambatisha karatasi ya maswali kutoka kwa wanafunzi wa Chama cha Midahalo. Maswali yalikuwa tisa. Mengi yalikuwa yale ambayo wazee wa umri wangu huulizwa siku zote, kama vile chakula cha bwenini kilikuwaje zamani. Jibu ni maharage. Lakini swali la saba lilinifanya nivue miwani na kuiweka mezani. Mwanafunzi mmoja wa Kidato cha Tatu ameuliza hivi: mbunge ambaye chama chake hakina wingi, ambaye kila kura ikipigwa anashindwa, anafanya kazi gani hasa mle bungeni, na kwa nini alipwe?

Ningeweza kumjibu kwa katiba na kanuni, maana mimi ni mwanasheria, japo mstaafu. Nikifanya hivyo nusu yenu mtasinzia kabla pilau haijaletwa. Basi nitamjibu kwa habari za mtu mmoja. Mtu huyo hakuwa wa nchi yetu, wala sikupata kuwa rafiki yake. Ila nilikaa miaka kadhaa katika mji wake kwa masomo na kazi, nikasoma mengi juu yake. Aliitwa Lincoln Alexander. Alikuwa mbunge katika Bunge la Kanada tangu Juni 1968 mpaka Mei 1980, kwa tiketi ya chama kilichoitwa Progressive Conservative, ambacho mimi nitakiita Wahafidhina. Alikuwa Mweusi wa kwanza kuchaguliwa kuingia katika Bunge hilo. Katika miaka hiyo karibu 12, alikaa upande wa serikali kwa miezi tisa tu. Iliyobaki yote alikaa upande wa pili, akipiga kura na kushindwa.

Alizaliwa Toronto tarehe 21 Januari 1922. Mama yake alitoka Jamaika, naye alikuwa mtumishi wa nyumbani. Baba yake alitoka kisiwa cha St. Vincent. Alikuwa seremala kwa ufundi, lakini randa na msumeno havikumpatia riziki katika nchi ile, akaishia kuwa mhudumu wa mabehewa ya kulala katika gari la moshi. Siku zile hiyo ndiyo iliyokuwa kazi ya wanaume Weusi wa Kanada. Walitandika vitanda, wakang'arisha viatu vya abiria usiku, wakabeba mizigo asubuhi, na abiria wengi waliwaita wote kwa jina moja, "George", bila kujali jina alilopewa mtu na wazazi wake. Wazee wenzangu hapa hawahitaji maelezo zaidi. Sisi tuliona watu wenye mvi na wajukuu wakiitwa "boi".

Wazazi wake walitengana, mama akahamia Harlem katika jiji la New York, na kijana akamfuata huko. Mama yule alikuwa na agizo moja ambalo hakuchoka kulirudia: aende shule, kwa kuwa yeye ni mtoto Mweusi. Mimi naelewa agizo hilo hivi. Hakumwahidi mwanawe kwamba shule itamfungulia kila mlango. Aliijua dunia vizuri mno kusema uongo wa namna hiyo. Alimaanisha kwamba mtoto mwingine akiacha shule huenda bado akapata pa kushika, lakini yeye hatapata. Maneno hayo ya mama ndiyo Alexander aliyoyafanya kuwa jina la kitabu cha maisha yake, kilichotoka mwaka 2006 yeye akiwa na miaka 84.

Alirudi Kanada mwaka 1939. Mwaka 1942 aliingia Jeshi la Anga la Kanada, akawa mpiga simu ya upepo. Akiwa Vancouver, bado mwanajeshi, aliingia katika baa moja akakataliwa kuhudumiwa kwa ajili ya rangi yake. Alikwenda kwa mkubwa wake wa kazi kuripoti. Mkubwa hakufanya kitu. Alexander akaomba kuondoka jeshini, na mwaka 1945 akaondoka. Naomba mlikumbuke jambo hili, maana tabia hiyo hiyo tutaikuta tena: kila alipodharauliwa, kwanza alipeleka shauri mahali panapohusika na kusema kwa sauti, akishindwa hapo, aliondoka na heshima yake, akatafuta njia nyingine.

Akajiunga na Chuo Kikuu cha McMaster katika mji wa Hamilton, akapata shahada mwaka 1949. Hamilton ni mji wa chuma. Umekaa kwenye ncha ya magharibi ya Ziwa Ontario, viwanda upande wa maji, makazi yakipanda kuelekea mlimani. Wakati wa likizo kijana huyu alifanya kazi ya mikono katika kiwanda kimoja kikubwa cha chuma hapo mjini, na alipopata shahada yake aliomba kazi ya uuzaji katika kiwanda hicho hicho. Alikuwa na watu wazito wa kumsemea. Jibu alilopewa ni kwamba anaweza kurudi kwenye kazi yake ya zamani, ile ya mikono. Kwa lugha nyingine, jasho lake lilikubalika kwenye tanuri, lakini uso wake usionekane mbele ya wateja. Akakataa. Akaenda Toronto kusoma sheria katika Osgoode Hall.

Huko nako, kwa maelezo yake mwenyewe, mkuu wa shule ya sheria alikuwa akifundisha siku moja, akatumia msemo wa Kiingereza wenye lile neno la matusi waitwalo nalo watu Weusi. Mwanafunzi Alexander alisimama mbele ya darasa zima akamwuliza kwa nini anasema hivyo. Mkuu akajibu kwamba ni msemo tu, kila mtu anausema. Alexander akamwambia kwamba mtu mwenye cheo kama chake hawezi kusema maneno yanayowavunjia watu heshima, na kwamba hana budi kuongoza. Alikuwa bado hajafanya mtihani wa mwisho, na mkuu yule ndiye mwenye shule. Wanafunzi, mnajua maana yake. Hata hivyo alimaliza mwaka 1953, akarudi Hamilton kufanya kazi ya uwakili.

Mwaka 1960 alikuja kwetu. Nasema kwetu kwa maana ya Afrika: alizunguka pamoja na mkewe, Bibi Yvonne, katika nchi zaidi ya 20, kwa safari ya shirika la Operation Crossroads Africa. Huo ulikuwa mwaka ambao bendera mpya zilikuwa zikipandishwa karibu kila mwezi. Baadaye aliandika kwamba safari hiyo ilimzindua. Alikuwa ametoka katika dunia ya watu Weupe, na huku aliona kwamba yeye mtu Mweusi ni mtu kamili, akaanza kutembea kifua mbele. Mimi ninapoisoma sehemu hiyo hujiuliza ni wangapi kati yetu tuliokuwa watoto siku zile, tukipiga makofi kando ya barabara bila kujua kwamba kuna mgeni mrefu kutoka Hamilton anayetutazama sisi ili ajifahamu yeye.

Sasa nafika mahali ambapo najua mtaniuliza: mtu wa namna hiyo aliingiaje chama cha Wahafidhina? Jina lenyewe kwetu halina utamu. Tukisikia "wahafidhina" tunafikiria mabwana wenye kofia ndefu wasiotaka jambo libadilike. Lakini chama, ndugu zangu, usikisome jina tu. Soma ni nani waliomo na wametenda nini.

Kiongozi wa Wahafidhina siku hizo alikuwa John Diefenbaker, wakili kutoka nyika za Saskatchewan, aliyekuwa Waziri Mkuu tangu 1957 mpaka 1963. Jina lake la Kijerumani lilikuwa limemletea dhihaka tangu utotoni, na hakusahau. Serikali yake ilipitisha Sheria ya Haki mwaka 1960, na mwaka huo huo wenyeji asilia wa Kanada waliruhusiwa kupiga kura za Bunge bila kupoteza haki zao za kimila. Na kuna jambo linalotuhusu sisi moja kwa moja. Machi 1961 Mwalimu Nyerere aliandika katika gazeti la Observer la London kwamba Tanganyika haitaingia katika Jumuiya ya Madola ikiwa Afrika Kusini ya ubaguzi itabaki humo. Mwezi huo huo mawaziri wakuu wa Jumuiya walikutana London. Diefenbaker, Mweupe, Mhafidhina, alisimama upande wa viongozi wa Asia na Afrika, na Afrika Kusini ikaondoa ombi lake la kubaki. Desemba tukapata uhuru wetu, tukaingia katika Jumuiya ambayo Verwoerd hakuwamo.

Tena kulikuwa na jimbo lenyewe. Hamilton Magharibi lilikuwa limewakilishwa tangu 1950 mpaka 1963 na mwanamke, Bibi Ellen Fairclough, Mhafidhina, ambaye mwaka 1957 Diefenbaker alimfanya kuwa mwanamke wa kwanza kuingia katika Baraza la Mawaziri la Kanada. Mwaka 1962 huyo Bibi Fairclough, akiwa waziri mwenye dhamana ya uhamiaji, alileta kanuni mpya zilizoondoa sehemu kubwa ya ubaguzi wa rangi katika kuwachagua wahamiaji. Mwaka 1967 serikali ya Waliberali ilikamilisha kazi hiyo kwa kuweka utaratibu wa kuwapima waombaji kwa alama za elimu na ujuzi. Ni kwa mlango huo, uliofunguliwa na vyama viwili kwa zamu, kwamba watu wa Afrika Mashariki wameweza kwenda kuishi kule. Mimi mwenyewe nilipita humo.

Basi Diefenbaker ndiye aliyemshawishi Alexander agombee. Mara ya kwanza, mwaka 1965, alishindwa na Mliberali Joseph Macaluso. Mara ya pili, tarehe 25 Juni 1968, alishinda kwa kura chache. Ushindi huo ni wa ajabu kwa sababu mbili. Kwanza, huo ulikuwa mwaka wa Pierre Trudeau. Nchi nzima ilikuwa imepandwa na wazimu wa kumpenda, wasichana wakimkimbilia barabarani kama mwimbaji, na Wahafidhina wakabaki na viti 72 tu kati ya 264. Pili, Weusi wa Hamilton walikuwa wachache sana. Hata wangempigia wote wangemfikisha mlango wa mbele tu. Walimchagua watu wa viwandani na wenye maduka, Wataliano na Waskoti, watu ambao miaka 20 kabla wakubwa wa kiwanda walidhani hawatapenda kununua chuma kutoka mkononi mwake.

Tarehe 20 Septemba 1968 alisimama kutoa hotuba yake ya kwanza bungeni. Hotuba hiyo inastahili kusomwa na kila kijana anayeingia katika midahalo. Alisema kwamba yeye si msemaji wa watu Weusi. Heshima hiyo hakupewa, na asingependa mtu yeyote adhani amepewa. Kisha akasema kwamba hata hivyo anataka iandikwe katika kumbukumbu kuwa anakubali wajibu wa kusema kwa ajili yao, na kwa ajili ya wote katika nchi ile wanaojiona wanabaguliwa kwa asili, dini au rangi.

Tazameni jinsi alivyolipanga neno hilo. Mtu wa kwanza wa kabila lake au rangi yake kufika mahali hutegewa mitego miwili. Mmoja ni kuambiwa awe msemaji wa wenzake siku zote, asiulizwe habari za bajeti wala barabara. Wa pili ni kujifanya hana wenzake kabisa, ili apendwe. Alexander aliiruka yote miwili kwa sentensi tatu, na alifanya hivyo siku ya kwanza, kabla hajazoea kiti.

Sasa turudi kwa mwanafunzi wa Kidato cha Tatu. Anafanya kazi gani?

Katika Bunge la Kanada, kila siku ya kikao kuna muda wa maswali, dakika 45. Maswali hayo mawaziri hawapewi kabla. Mbunge wa upinzani anasimama, anauliza, na waziri anapaswa kusimama palepale mbele ya nchi nzima. Kwa kanuni waziri anaweza kukataa kujibu. Lakini na kukataa kwake kunaandikwa katika Hansard, na magazeti yanaona. Kila chama cha upinzani humpa mbunge wake wizara ya kufuatilia, naye huisoma wizara hiyo kama mnavyosoma kwa ajili ya mtihani. Alexander alijishughulisha sana na mambo ya kazi na watu wasio na kazi. Hilo lilimfaa mtu wa Hamilton, ambako tanuri moja likizimwa mtaa mzima unajua.

Ni swali la namna hiyo lililozaa kisa ambacho Wakanada hawajakisahau. Tarehe 16 Februari 1971 upinzani ulikuwa ukiibana serikali juu ya watu wasio na kazi. Waziri Mkuu Trudeau, akiwa amekaa kitini pake, alichezesha midomo bila kutoa sauti. Alexander na mbunge mwenziwe John Lundrigan, wa Newfoundland, wakasimama kulalamika kwamba Waziri Mkuu ametamka tusi kwa midomo. Waandishi walipomzunguka nje, Trudeau alikubali kwamba alichezesha midomo, akakataa kwamba alisema kitu, halafu akauliza mtu huwa anafikiria nini anaposema "fuddle duddle" au kitu kama hicho. Maneno hayo hayana maana katika lugha yoyote. Nchi ilicheka kwa wiki nyingi. Fulana zilichapwa, na hata gazeti la vichekesho likatolewa kwa jina hilo. Alexander, alipoulizwa lilikuwa tusi gani, alitaja herufi za mwanzo za maneno mawili akawaachia wasikilizaji wamalizie wenyewe. Mimi sitazitaja, Mwalimu Mkuu asije akaninyima chakula.

Watu hukumbuka kichekesho. Mimi nakumbuka lililo nyuma yake. Waziri Mkuu yule alikuwa msemaji hodari kuliko wote, mwenye wingi wa kura mfukoni, na jioni ile angeweza kupitisha jambo lolote alilotaka. Kwa nini basi midomo ilimcheza? Kwa sababu aliulizwa habari za watu wasio na kazi na mtu ambaye haogopi, na hakuwa na jibu la kuwaridhisha. Kura za wingi hazizuii swali lisichome.

Sehemu nyingine ya kazi haina kicheko wala gazeti. Ni barua. Mjane ambaye malipo ya uzeeni hayajaja, mhamiaji ambaye mkewe amezuiwa ng'ambo, fundi aliyekatiwa bima ya kukosa kazi kwa sababu karani ameandika tarehe isiyo sahihi. Mbunge huandika wizarani, na karani ambaye hakumsikiliza fundi husoma barua ya mbunge akiwa amekaa wima. Barua hizo hazina chama. Bila shaka ndizo zilizomrudisha Alexander bungeni mwaka 1972, tena 1974, tena 1979, tena 1980, katika mji ambao vyama vya wafanyakazi vilikuwa na chama chao kingine kabisa, cha New Democratic, na wala havikuwahimiza wanachama wao kumpigia Mhafidhina. Mwaka 1972 chama chake kilikosa serikali kwa viti viwili: Waliberali 109, Wahafidhina 107. Hebu fikirini kulala usiku ule.

Hatimaye Mei 1979 Wahafidhina walishinda, ila kwa upungufu: viti 136 kati ya 282. Joe Clark akawa Waziri Mkuu akiwa hajatimiza miaka 40, na tarehe 4 Juni Lincoln Alexander akaapishwa kuwa Waziri wa Kazi, Mweusi wa kwanza kuwa waziri katika serikali ya Kanada. Jimbo la Hamilton Magharibi, ambalo lilitoa waziri mwanamke wa kwanza, likatoa na huyu. Kijana aliyenyimwa kazi ya kuuza chuma akakaa mahali ambapo wenye viwanda na wenye vyama vya wafanyakazi walimjia kwa miadi.

Hakukaa sana. Desemba 11 Waziri wa Fedha, John Crosbie, alisoma bajeti iliyoongeza ushuru wa petroli kwa senti 18 kila galoni. Trudeau alikuwa tayari ametangaza kwamba anaacha uongozi, na serikali ilidhani Waliberali wasio na kiongozi hawatathubutu kuleta uchaguzi. Tarehe 13 mbunge kijana wa New Democratic, Bob Rae, akaleta marekebisho madogo ya kuilaumu bajeti. Waliberali waliwaita wabunge wao wote, hata waliokuwa wagonjwa. Upande wa serikali, Waziri wa Mambo ya Nje, Bibi Flora MacDonald, alikuwa Ulaya kwa kazi. Na wabunge wa chama kidogo cha Social Credit, ambao serikali iliwategemea, hawakupiga kura. Hesabu ikatoka 139 kwa 133. Serikali ikaanguka kwa kura sita. Uchaguzi ukafanyika Februari 1980, Trudeau akarudi, na mwezi Machi Alexander akakabidhi ofisi ya waziri. Kiti chake cha ubunge hakukipoteza.

Umeona, kijana wa Kidato cha Tatu? Wapinzani waliokuwa wakihesabiwa kila siku kama watu wa kushindwa, usiku mmoja walihesabiwa wakashinda. Kichekesho ni kwamba rafiki yetu, baada ya miaka 11 ya kuwa upande unaoshindwa, usiku huo alikuwa upande wa serikali.

Mei 1980 alijiuzulu ubunge ili awe mwenyekiti wa Bodi ya Fidia kwa Wafanyakazi ya jimbo la Ontario. Wapo wanaosema alichoka, na haki yake. Mimi, kwa heshima zote, hapo sikubaliani naye. Watu wa Hamilton walikuwa wamempa kura zao miezi mitatu tu iliyopita, na mtu anayeomba kura Februari angeweza kungoja zaidi ya Mei. Lakini siwezi kusema aliacha watu wa kazi: bodi hiyo ndiyo iliyolipa watu waliokatika vidole na kuvunjika migongo katika viwanda vile vile, na aliishika kwa miaka mitano.

Kisha, tarehe 20 Septemba 1985, siku ile ile ya mwezi aliyotoa hotuba yake ya kwanza miaka 17 kabla, aliapishwa kuwa Luteni Gavana wa Ontario, mwakilishi wa Malkia katika jimbo lenye watu wengi kuliko yote Kanada. Kazi hiyo haina mamlaka makubwa. Luteni Gavana husaini sheria zilizopitishwa na wengine na husoma hotuba zilizoandikwa na wengine. Nayo ina siku zake. Mwaka 1990 chama cha New Democratic kilishinda uchaguzi wa Ontario kwa mara ya kwanza, na tarehe 1 Oktoba Waziri Mkuu mpya wa jimbo alikuja kuapishwa. Alikuwa Bob Rae, yule yule aliyeleta marekebisho yaliyomwondoa Alexander uwaziri. Aliyesimama mbele yake kumwapisha alikuwa Lincoln Alexander. Wakapeana mikono, kiapo kikasomwa, serikali ikaanza kazi. Hakuna aliyekimbilia ng'ambo, wala aliyelala rumande. Kwangu mimi hilo ni jambo kubwa kuliko cheo chochote alichopata, na nimesafiri vya kutosha kujua si kila mahali lawezekana.

Tangu 1991 mpaka 2007 alikuwa Mkuu wa Chuo Kikuu cha Guelph, akiwakabidhi vijana shahada zao mwaka hata mwaka. Alifariki Hamilton tarehe 19 Oktoba 2012, akiwa na miaka 90, akazikwa kwa heshima za serikali. Tarehe 21 Januari, siku ya kuzaliwa kwake, sasa ni siku ya kumkumbuka katika Kanada nzima, na shule ya sheria ya chuo kikuu kimoja cha Toronto imepewa jina lake mwaka 2021.

Mji wake nao ulimpa barabara kuu, inayokwenda mashariki na magharibi juu ya mlima, iliyofunguliwa mwaka 1997 wakati yeye mwenyewe yu hai. Heshima hiyo ilimchekesha, maana hakupata kuwa na leseni ya udereva maisha yake yote. Watu wa Hamilton hawana muda wa kutaja jina refu. Barabara wanaiita "Linc", kama walivyomwita yeye, na asubuhi za siku za kazi redio hutangaza kwamba Linc imejaa magari na wenye haraka watafute njia nyingine.